Mlio wa Mkanda Mpya

Baba yangu alikuwa fundi magari kabla yangu, na banda letu la hapa Babati, kando ya barabara ya Singida, alilijenga yeye. Mimi ni binti yake wa pekee. Zamani watu waliponikuta nimelala chini ya gari, miguu tu imetokeza, walidhani ni kijana wa kiume. Nilipochomoka na kilemba changu kichwani wengine walicheka, wengine wakaenda kumuuliza baba kama kweli waniachie gari. Siku hizi hawaulizi. Wananiita Mama Fundi, na wazee wa Nakwa wananiletea matrekta yao bila maneno mengi.

Baba aliniachia kazi kwa sababu ya masikio. Ugonjwa ulimwingia polepole. Masikio yalitoa usaha, yakakauka, yakatoa tena, na kila yalipokauka alisikia pungufu ya jana. Tukajikuta tunampigia kelele mezani. Baadaye hata kelele hazikumfikia. Kwa muda aliendelea kufanya kazi kwa viganja, anaweka mkono juu ya injini na kuitafuta shida kwa mtetemo, na mara nyingi aliipata. Kisha siku moja alizungusha ufunguo kuwasha gari ambalo tayari lilikuwa linawaka. Starta ikasaga meno, watu wote bandani wakapiga kelele, na yeye akaendelea kuushikilia ufunguo mpaka mtu alipomshika mkono. Aliuchomoa, akautazama, akaja kunikabidhi pamoja na kasha lake la spana.

Tangu siku ile hakugusa tena injini. Alikuja bandani kila asubuhi, akaketi kwenye kiti kilichong'olewa katika gari bovu, akawa anaosha vipuri kwa dizeli. Sisi wawili tulielewana kwa mikono na kwa yeye kunisoma midomo. Kwa njia hiyo yalipita mambo mafupi tu: njoo ule, leta jeki, twende nyumbani. Mambo marefu tuliyaacha.

Basi palikuwa na mama mmoja wa Singe ambaye kazi yake ni maziwa. Anaamka mapema, anazunguka kwa wafugaji kwa gari lake dogo la zamani aina ya stesheni, anakusanya maziwa kwenye madumu, na jua linapopanda anakuwa amekwisha kuyafikisha mjini kwenye migahawa ya chai. Gari lile likilala, maziwa yanaganda. Alinijia akasema fundi mmoja safarini alimshauri abadilishe mkanda wa taimingi kabla haujamkatikia njiani.

"Mimi hata sijui ni mkanda gani huo," alisema. "Ninaujua wa feni tu."

Nilimfungulia boneti nikamweleza, na nitaeleza hapa pia, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Injini ya gari lile ina shafti mbili zinazotakiwa kwenda pamoja. Chini kuna krenki, inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kemshafti, inayofungua na kufunga vali, yaani vile vilango ambavyo hewa na mafuta huingilia na moshi hutokea. Kinachoziunganisha hizo mbili ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, umefichwa nyuma ya kava mbele ya injini. Huo ndio mkanda wa taimingi. Chini ikizunguka, juu nayo inazunguka, kila moja kwa zamu yake. Mkanda ukilegea ukaruka hata jino moja tu, injini inakosa mpangilio na kupoteza nguvu. Na zipo injini ambazo mkanda ukikatika, pistoni inapanda na kuikuta vali bado iko wazi, zikagongana, vali zikapinda kama misumari.

"Na vinakwenda kasi hivyo hivyo tunavyokwenda barabarani?" mama wa maziwa aliuliza.

"Kasi kuliko tunavyokwenda."

"Na havigongani?"

"Havigongani."

Alishika shavu. "Mungu mkubwa," alisema, na wala hakuwa anatania. Nami nilimwelewa, kwa sababu hata mimi, pamoja na injini zote nilizokwisha kuzifungua, kila ninapoitoa kava ile na kuuona mkanda umekaa kimya kwenye magurudumu yake ya meno, nasimama kidogo kabla sijashika spana.

Mkanda wake wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka mgongoni. Nikautoa, nikalinganisha alama zilizochongwa kwenye magurudumu ya meno, za juu na za chini, nikavika mkanda mpya, nikabadilisha na tenshena. Tenshena ni gurudumu dogo laini ambalo kazi yake ni kuusukuma mkanda upande mmoja ili usilegee. Linavutwa na springi, kisha unalifunga kwa bolti lisitikisike. Nilirudisha kava, nikawasha. Gari likaitika mara moja. Na papo hapo nikasikia mlio.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio mwembamba, kama upepo unapopita kwenye waya wa uzio. Nikakanyaga mafuta, ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Mama wa maziwa alikuwa anafurahi, hajasikia kitu, ana haraka ya kwenda. Nikamwambia anipe muda.

"Limeharibika?"

"Sijui bado, mama. Lakini likilia hivi sitakuruhusu ulipeleke mbali."

Kwa hasira kidogo alichukua bodaboda akarudi kwake, akisema atakodi gari la jirani mpaka nitakapomwita.

Mlio wa injini una tabia ya kukudanganya mahali ulipo. Unasikika mbele, kumbe uko pembeni. Chuma chote kimeshikana, na sauti inatembea ndani yake itakavyo. Kwa hiyo nilifuata alivyonifundisha baba, kwanza ondoa kisichohusika. Nilitoa mkanda wa feni. Kwenye injini ile feni ni ya umeme, ila mkanda tunaouita wa feni ndio unaozungusha alteneta, inayochaji betri, na pampu ya maji, hivyo nikiutoa na kuwasha injini kwa muda mfupi tu, isije ikachemka, vitu hivyo viwili vinakuwa vimelala. Mlio ukiondoka, kosa ni lao. Niliwasha. Mlio ulikuwepo vilevile. Nikaurudisha mkanda wa feni.

Basi ulikuwa ndani ya kava. Nikafikiria tenshena. Beringi zake nyingi zinazouzwa siku hizi ni za kubahatisha, boksi zuri na ndani hakuna kitu. Nilifungua tena, nikaitoa, nikaizungusha kwa kidole karibu na sikio. Ilizunguka laini, bila kusaga. Hata hivyo sikuiamini. Nikaenda dukani nikachukua nyingine, nikaifunga, nikawasha. Mlio.

Nikaangalia kama mkanda unagusa kava. Mkanda uliolegea hupigapiga kava, na hilo huacha alama nyeusi ya mpira. Hakukuwa na alama. Nikaangalia kama magurudumu ya meno yamekaa mstari mmoja, kwa sababu mkanda ukivutwa pembeni nao hulia. Yalikuwa sawasawa. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaegemeza ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, kama mafundi wote wafanyavyo. Nilisikia mlio kila mahali. Kitu kimoja tu nilikiona bila kukielewa: injini ikiwa ya baridi mlio ulikuwa mdogo, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ulivyozidi.

Nilikaa chini kwenye tairi. Nilikuwa nimechoka na mikono inanuka dizeli. Baba aliniona. Akaacha kuosha, akaja akasimama mbele yangu, akainua kidevu: vipi?

Nikaonyesha injini, nikaonyesha sikio langu, nikakunja uso. Inalia.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, si kwa ajili ya gari, nadhani kwa ajili ya sikio. Lakini hakurudi kwenye kiti chake. Aliweka kiganja juu ya injini iliyokuwa inawaka, akafumba macho. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Mwishowe akaondoa mkono akaupangusa kwenye suruali, na uso wake ulisema kwamba mlio ule ulikuwa mwembamba mno kwa kiganja. Akaomba tochi kwa ishara. Nikampa. Nikazima injini nikatoa kava ya juu ili aone, kisha nikaiwasha tena tukiwa tumekaa mbali na vinavyozunguka, kama alivyonizoesha.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nywele zinanisimama.

Baba alikuwa ameshika tochi mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amejishikilia kwenye ukingo wa gari ili ainame. Bisibisi yangu ndefu ilikuwa imelala juu ya injini, ikimzuia. Akaichukua, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuishika, akauma mpini wake wa mti, kama fundi anavyouma chochote mikono ikijaa. Akainama zaidi. Ncha ya bisibisi ikagusa chuma cha injini.

Aliruka nyuma. Bisibisi ikaanguka, tochi ikaanguka. Nikadhani amepigwa na umeme wa plagi. Nilikimbia kuzima injini, nikamshika mabega. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Baba! Nini? Umeungua?"

Alikuwa ananitazama mdomo lakini hakuwa anausoma. Alishika taya lake kwa mikono miwili kama mtu anayeumwa jino. Kisha akasema, kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake, "Washa."

"Baba, keti kwanza."

"Washa!"

Nikawasha. Akaokota bisibisi, akaufuta mpini kwenye shati, akauma. Sasa aliinama taratibu, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala, akaishusha ncha mpaka ikagusa. Hakuruka. Alibaki vile, ameinama, mikono ameiweka nyuma. Niliona machozi yanateremka kwenye mashavu, yanafuata mikunjo, yanadondoka juu ya injini ya moto na kukauka pale pale.

Aliitoa mdomoni. "Ninaisikia," alisema. Halafu akasema tena kwa lugha ya kwetu, lugha ya milima ya Mbulu aliyozaliwa nayo, ambayo mjini huitumii ila kwa jambo la kweli. Halafu akarudia kwa Kiswahili, kana kwamba mimi sikuwa nimeelewa. "Ninaisikia, mwanangu. Iko ndani ya kichwa. Inaunguruma."

Nilicheka. Nikajiona nalia pia. Watu wa banda la pili walichungulia kuona tunagombania nini.

Lakini baba alikuwa amekwisha kuinama tena. Mtu aliyefunga siku nyingi hasubiri akaribishwe mara ya pili. Alianza nyuma ya injini. Akaweka ncha juu ya kichwa cha injini, zilipo vali, akatulia, akainua dole gumba kwangu. Nzuri. Akashuka kwenye bloki, akasikiliza pistoni moja baada ya nyingine, na kila moja akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekutana na majirani wa zamani. Nilimfuata nikiwa nimeshika koti lake kwa nyuma lisije likanaswa. Tulifika mbele, upande wa mkanda. Akagusisha ncha kwenye bolti isiyozunguka, karibu na tenshena. Akakunja uso. Akahamia juu, usawa wa kemshafti. Akarudi chini.

Aliitoa bisibisi. "Ulidhani ni beringi?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikamwonyesha ile ya kwanza niliyoitoa.

"Siyo. Beringi mbovu inasaga. Unasikia mchanga. Hapa hakuna mchanga." Akaminya midomo akatafuta neno. "Hapa panaimba. Tena panaimba juu na chini, kote sauti moja. Ni mkanda wenyewe. Umekazwa mno."

Nikakataa kwa kidole. Nikamwonyesha springi, kwamba ndiyo inayovuta, si mimi.

"Springi peke yake?" aliuliza.

Nikakumbuka. Nilipovika mkanda, springi ya zamani niliiona kama imechoka. Nikaogopa mkanda usije ukalegea ukaruka jino njiani na mama wa watu amepakia maziwa. Kwa hiyo kabla ya kufunga bolti nikaisaidia springi kwa mtaimbo mdogo, nikaisukuma tenshena kidogo. Na nilipoweka tenshena ya pili nikafanya vilevile. Nikamwigizia baba ule mkono wa mtaimbo.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanionyesha kwa viganja: chuma kikipata moto kinatanuka, hivi, na mkanda hautanuki nacho. Ukiwa umekaza ukiwa baridi, moto ukija unakaza mara mbili. Ndiyo maana mlio ulipanda na joto. Jambo nililoliona bila kulielewa yeye hakuwa hata ameelezwa. Ila alilisikia, injini ilivyokuwa inazidi kupata moto chini ya meno yake.

Nilizima, tukasubiri injini ipoe. Baba alikuwa anapita bandani na bisibisi yake mdomoni, anagusa vitu. Aligusa redio ya jirani. Akagusa bomba la maji tulipolifungulia. Akagusa mashine ya kuchomelea ikiwa imewashwa, akarudi nyuma haraka. Watu walianza kumcheka, kisha wakaacha, kwa kuwa uso wake haukuwa uso wa kuchekwa.

Injini ilipopoa tulifanya kazi pamoja, yeye na mimi, kwa mara ya kwanza tangu alipoacha. Nililegeza bolti ya tenshena. Mkanda ukapumua, ukajilaza. Springi ikaivuta tenshena kwa nguvu yake yenyewe, na mimi safari hii sikuisaidia. Nikaweka spana kwenye krenki, nikaizungusha kwa mkono taratibu, upande ule ule injini inakozunguka, mpaka alama za juu na za chini zikarudi kukutana, kisha nikazungusha tena vilevile. Hiyo ndiyo njia ya kuuacha mkanda ujipange kwenye meno na springi ipate mahali pake. Ndipo nikafunga bolti. Baba akashika mkanda kwa dole gumba na kidole cha pili, pale katikati kwenye sehemu ndefu, akaupindua. Ukapinduka robo, ukagoma. Akanitazama. Nami nikaupindua nikahisi unavyogoma. Hicho ndicho kipimo alichorithi kwa waliomfundisha, na mkono wangu haujakisahau.

Tukawasha. Mlio haukuwepo. Tulisubiri ipate moto kabisa, feni ikaanza, ikazima, ikaanza tena. Nilikanyaga mafuta nikaachia. Vali zilichapa kwa mbali na upepo wa feni ukavuma, basi. Nilisogea nikainamisha sikio. Kwa nyuma ya ukimya ule kila kitu kilikuwa kinazunguka, kinapanda, kinashuka, kinafunguka, kinafungika, hakuna kinachomgonga mwenzake. Niliwaza kwamba masikio ya baba nayo yalikuwa hivyo miaka yote tuliyodhani yamekufa. Mahali fulani ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, palikuwa na mtu yuko macho.

Nilimpigia simu mama wa maziwa. Alikuja na bodaboda, mkononi ana ndoo yake na mwiko mrefu wa mti wa kukorogea, kwa kuwa alikuwa anatoka moja kwa moja kazini. Alimkuta baba ameinama kwenye gari lake, ameuma bisibisi.

"Mzee ana nini?" aliniuliza kwa kunong'ona, ingawa kunong'ona hakukuwa na haja.

Nikamweleza yote. Alisikiliza amefunika mdomo kwa kiganja. Kisha akasema jambo ambalo mimi, kwa kupagawa na injini, sikuwa nimelifikiria.

"Kama anasikia chuma, hatamsikia mtu?"

Yeye alikwisha kwenda kwenye bomba, akausugua mwiko wake kwa sabuni, akausuuza, akanipa. "Koo lako si linatetemeka unapoongea? Jaribu."

Nilimshika baba mkono, nikamketisha kwenye kiti chake. Nikampa upande mwembamba wa mwiko, nikamwonyesha aume. Aliuma bila kuelewa. Nikapiga magoti mbele yake, nikaegemeza upande mpana wa mwiko chini ya kidevu changu, kwenye koo. Tukawa tumetazamana kama watoto wanaocheza mchezo. Nilitaka kusema jambo kubwa. Halikuja.

"Baba," nilisema. "Ni mimi."

Aliganda.

"Ni mimi, baba. Unanisikia? Gari limepona."

Alitoa mwiko mdomoni polepole. "Sema tena," alisema, akaurudisha.

"Gari limepona, baba. Haliimbi tena. Umelitibu wewe."

Akafumba macho. Mkono wake ulikuja ukanishika kichwa juu ya kilemba. Alipoutoa mwiko alisema kwa sauti ndogo, ndogo kweli, sauti ya mtu aliyejisikia mwenyewe, "Una sauti ya mama yako."

Mama alifariki wakati baba hasikii tena. Baba alimuuguza kwa kumtazama tu. Na mimi, mara ya mwisho aliponisikia vizuri nilikuwa msichana wa sauti nyembamba. Hakujua sauti yangu ilikuwa imenenepa, ikashuka, ikawa ya mwanamke, na hakukuwa na mtu aliyewahi kumwambia ilifanana na nani. Mimi mwenyewe sikujua.

Mama wa maziwa aligeuka akajifanya anatazama tairi zake. Nilibaki nimepiga magoti pale mpaka yakauma. Nilimwambia mambo marefu. Nilimwambia wanangu, wajukuu wake, wanavyocheka, kila mmoja kicheko chake. Nilimwambia maneno ya mwisho ya mama, ambayo miaka yote nilishindwa kuyapitisha kwa mikono.

Wiki ile ile nilimpeleka hospitali kwa daktari wa masikio. Daktari hakushangaa kama tulivyoshangaa sisi, ila alifurahi. Alichukua uma wa chuma wa kupimia, akaugonga, akaushika karibu na sikio la baba: hakuna. Akaugonga tena, akaegemeza shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio: baba akainua mkono. Alituchorea kwa kidole mezani. Sauti hupita kwanza kwenye ngozi nyembamba na vijifupa vidogo sana, ndipo ifike mahali pa kusikia. Ule usaha ulikuwa umekula ngozi na vijifupa. Lakini kule ndani, mahali penyewe pa kusikia, hapakudhurika sana. Kilichoharibika ni njia tu. Na mfupa wa kichwa ni njia nyingine.

"Tulidhani amekuwa kiziwi," nilisema.

"Wengi wanadhani hivyo, hawarudi hospitali," daktari alisema. "Angekuja mapema tungefanya mengi. Hata sasa yapo."

Alitibu kwanza usaha uliobaki. Baadaye, baada ya kusubiri na kusafiri safari kadhaa, baba alipata kifaa kidogo kinachofungwa kwa mkanda wa kitambaa kuzunguka kichwa, kinachobonyeza mfupa nyuma ya sikio. Hasikii kama zamani. Sauti za wengi zikichanganyika zinampotea, na bodaboda zikipita anakunja uso kama zimemkanyaga. Lakini tukikaa wawili tunaongea, na ameanza tena kubishana, jambo nililokuwa nimelisahau kwamba analipenda.

Kitu cha kwanza alichoomba ni kwenda Mbulu kumwona dada yake, ambaye ni mkubwa kwake na hashuki tena mlimani. Tulipanda gari la asubuhi, tukapita Dareda, tukakwea ule ukuta wa bonde baba akiwa ameshika kifaa chake kwa mkono asije akakidondosha kwenye makorongo. Shangazi alitupokea mlangoni na hakunyamaza tena. Aliongea kwa lugha ya kwetu kuhusu ng'ombe aliyevunjika mguu, shamba la ngano lililoliwa na ndege, nani ameoa, nani amekataa kuoa, paa la kanisa, jino lake. Alitusimulia tukila na tukinywa chai. Alimsindikiza baba mpaka chooni akimsimulia kupitia mlango. Hakumuuliza hata mara moja alivyopona, na baba hakuonekana kuhitaji kuulizwa. Alikaa ameinamisha kichwa upande wake, anaitikia kila sentensi.

Jioni tuliporudi, gari likiwa linashuka mteremko na mashamba yamelala chini yetu mpaka yanapokutana na mlima wa Hanang, baba alinigusa bega.

"Umesikia aliyosema dada?" aliniuliza.

Nilikuwa nimekaa pale pale muda wote, na masikio yangu ni mazima.

"Sikusikia vizuri, baba," nikasema. "Hebu niambie."

Akaanza na ng'ombe.